Mahari ya Barafu

Amu, Lamu, Jumatatu, 13 Januari 2025

Dada Mardhiya,

Kwanza nakusalimu, pili nakulaumu. Umepita Amu, umekunywa chai ya mama, ukapanda boti kwenda Mtangawanda, kule Pate, bila hata kuingia chumbani kunitazama. Wameniambia ulikuwa unawahi maji kabla hayajapwa. Haya, nimekusamehe, kwa sababu kilichokupeleka huko ni changu.

Usishangae kupata karatasi. Simu yangu iko ndani ya kasha la Bibi, na ufunguo wa kasha uko shingoni mwake. Anasema bibi harusi hazungumzi na ulimwengu. Nimefungiwa chumba cha ndani, nasuguliwa liwa asubuhi na jioni, nanukia mpaka najichoka. Nahodha Sadiq, ambaye boti yake inakwenda Pate na kurudi kila siku, amekubali kuwa posta yetu.

Najua mama yako, ndugu wa mama yangu, amekueleza habari kwa nusu, kama kawaida yake. Basi nikupe nzima. Harith aliponiposa, wazee waliniuliza nataka mahari gani, na masikio yao yalikuwa yamekaa tayari kusikia dhahabu. Nikasema nataka mtambo wake wa barafu, ule alioununua kwa kampuni ya samaki iliyofunga ikaondoka. Uandikwe kwa jina langu, na niuendeshe mimi. Bibi alinitazama kana kwamba nimeomba meli. Lakini wewe unajua nimekuwa nikiuza samaki tangu nimalize shule, na unajua wangapi nimewatupa. Barafu ya Mombasa ikifika hapa imebaki maji na gunia. Mimi nimechoka kuomba barafu, Dada. Nataka niombwe.

Harith alikubali huku akicheka. Baba hakucheka. Amesema mahari ilishatajwa kiasi chake mbele ya wazee, na kama chuma hicho hakifiki kiasi hicho kwa maandishi ya mthamini mwenye muhuri, yeye hatakaa kwenye nikaha. Nikaha ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Katika ukoo wote mthamini wa mitambo ni wewe peke yako. Niambie haraka ni mzima au ni mfu, maana hapa ndani sina kazi ila kuwaza.

Mdogo wako,
Ummu


Mtangawanda, Jumatano, 15 Januari 2025

Ummu mpenzi,

Ni mzima. Nimeanza na hilo ili upumue.

Sasa nikuonye. Kabla sijaondoka, Bwana Nicodemus, mkubwa wangu kazini, alinishurutisha niandike ukurasa wa kwanza kabisa kuwa bibi harusi ni mtoto wa khalati yangu, na Baba yako na Harith wote wawili watie saini kuwa wamekubali hivyo. Wametia. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, hata kikikuuma.

Na nilichokiona, mdogo wangu, kimenifanya nisahau kula. Nimezoea kupelekwa kwenye vyuma vilivyokufa, nafuta kutu kwenye kibati kutafuta namba, naandika, naondoka. Huu nilipofuta kibati namba zilitoka safi kama zimepigwa jana. Kompresa inazunguka bila kukohoa. Gesi haivuji popote. Nimezama mpaka kiunoni ndani ya tangi la maji ya chumvi, lile ambamo makopo ya barafu hutumbukizwa yagande, nikaligonga kila upande na nyundo ndogo, na halijaoza. Nyuma kuna jabia inayokusanya mvua, na mvua ya mwaka jana bado imo. Ghorofani kuna vyumba viwili vilivyokuwa ofisi, vina upepo kuliko nyumba yoyote ya Amu. Harith aliwasha jenereta tujaribu, na kufikia alasiri ya leo tulitoa bonge la kwanza. Nililikumbatia, na baibui langu mpaka sasa halijakauka.

Thamani yake inapita kiasi alichotaja Baba yako. Mwambie, kwa kinywa tu, maandishi yanakuja.

Jambo moja dogo. Nimefikia kwa Bi Alawiya, mamake Harith, ambaye nyumba yake iko ukuta kwa ukuta na kiwanda. Ananilisha vizuri, ila ananifuata kila ninapopima, na jana akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, mtambo hunu uking'olewa, utavundika?” Nikamwambia tangi lazima livunjike. Akatabasamu, akaenda zake jikoni. Sikumwelewa.

Dada yako,
Mardhiya


Amu, Ijumaa, 17 Januari 2025

Dada Mardhiya,

Nimeisoma barua yako nikaruka, Bibi akaingia mbio akidhani nimeona nge. Mama alipiga kigelegele chini kwenye ua wa nyumba, jirani akajibu bila kujua anajibu nini.

Baba naye amechangamka mpaka anatisha. Asubuhi hii hii ameleta mafundi wawili, wanavunja ukuta wa ghala letu la chini, ule unaotazama njia ya msikitini, kwa sababu mlango ni mdogo na mtambo hautapita. Vumbi la chokaa limepanda mpaka huku juu, liwa yangu yote imegeuka simenti. Ameshaagiza na tishari kutoka Manda lije kuupakia wiki ijayo. Mama alimwuliza kwani lazima uhamishwe, akamjibu mlangoni ili na mimi nisikie, “Mtambo utakuya hapa, na mume atakuya hapa. Ndia ni hiyo moya.”

Na kweli, kwetu lini mwanamke amefuata vitu vyake? Kila cha bibi harusi huja nyumbani kwa bibi harusi, na bwana harusi mwenyewe akiwa wa mwisho. Mimi tayari nimeshachagua mahali pa kuweka mizani.

Mwambie Harith afungue vizuri misumari asipoteze hata mmoja.

Ummu


Mtangawanda, Jumamosi, 18 Januari 2025

Ummu,

Mzuie Baba asivunje tena. Mzuie leo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikampa Harith, naye akakaa kitako juu ya dramu la dizeli. Yeye siku zote alijua mtambo unabaki hapa. Ninyi siku zote mlijua unakuja Amu. Mmekaa vikao vyote vya posa, mmekula halua ya watu, na hakuna aliyeuliza kwa sababu kila upande uliona ni jambo lisilohitaji kuulizwa.

Nikueleze jinsi kazi yangu ilivyo. Mtambo mmoja una thamani zaidi ya moja. Ukiwa umesimama mahali pake, una maji, una umeme, unatoa barafu, una thamani niliyokuambia. Ukiung'oa, unathamini vipande vinavyobaki. Tangi hili lilimwagiwa zege pande zote likiwa tayari limekaa. Halitoki ila kwa nyundo. Mabomba yatakatwa. Gesi itapotea. Kitakachofika ghalani kwenu ni kompresa, jenereta na makopo, na thamani yake haifiki hata nusu ya aliyoitaja Baba yako.

Na liko lingine. Siku ya kwanza nilimwuliza Harith kiwanja ni cha nani, akasema ni cha kwetu, nikaandika. Leo nimemwuliza kwetu ni nani. Ni mama yake. Jengo na kiwanja ni mali ya Bi Alawiya peke yake. Kwa hiyo hata mtambo ukibaki, utakuwa umesimama juu ya mali ya mtu mwingine, na siku atakaposema ondoa, utaondoa, na tumerudi kwenye vipande. Taarifa yangu lazima ioneshe thamani zote mbili, na iseme wazi ya kwanza inategemea ruhusa ambayo huna.

Nimeumia kuandika haya. Ule mtambo naupenda kama wangu.

Mardhiya


Amu, Jumatatu, 20 Januari 2025

Mardhiya,

Ukuta umeshaanguka wote. Sasa mbuzi wa mtaani wanaingia ghalani na kutoka kama wamealikwa.

Baba sijamwambia kitu. Nikimwambia, nikaha imekufa, unamjua. Ameshatangaza msikitini. Na kiasi kingine cha mahari hataki kukisikia, anasema kikipungua itaonekana binti yake ameuzwa kwa vyuma chakavu.

Nimekaa nikafikiri sana, na nimeona ndia nyepesi. Taarifa yako ina kurasa. Leta ule wa thamani ya kwanza, ile nzuri, umetiwa muhuri. Wa pili uusahau kwenye begi. Hutasema uongo, ya kwanza si umeipima kwa mikono yako? Baada ya nikaha mimi na Harith tutajua la kufanya. Tangu utotoni nimekuwa nikikufichia mambo yako, na hata siku moja sijawahi kukuomba malipo. Leo naomba.

Nataka kuolewa, Dada, na nautaka mtambo. Sitaki kuchagua kimoja.

Ummu


Mtangawanda, Jumanne, 21 Januari 2025

Mdogo wangu Ummu,

Hapana. Nimelia kidogo kisha nimeandika hapana, basi usidhani imenitoka kirahisi.

Nikileta ukurasa mmoja, tishari litakuja, mtambo utavunjwa, na Baba yako atakuja kusimama mbele ya rundo la makopo akiwa na karatasi yangu mkononi. Harith ataonekana mwizi. Wewe utakuwa umeolewa bila barafu. Hasira zako za leo nitazivumilia, lakini siku hiyo sitaweza kukutazama.

Nakupa nilichonacho. Thamani iko hapa, Mtangawanda, kwenye kiwanja hiki, karibu na jabia hii. Hilo nina uhakika nalo kuliko jina langu. Wewe uwe wapi, hilo halimo katika kazi yangu.

Ila Bi Alawiya sijui ana nini. Jana aliposikia habari ya tishari, aliniuliza tena kama nina hakika tangi litavunjika, na nilipomwambia ninayo, akasema “Alhamdulillahi.” Nadhani hautaki mtambo ukutani kwake, na hajali ukiharibika. Harith hathubutu kumwuliza habari ya kiwanja. Wanamume wa huku mbele ya mama zao ni watoto wa chuo cha Kurani.

Sadiq anangoja. Nakubusu.

Mardhiya


Amu, Jumatano, 22 Januari 2025

Kwa Bi Alawiya, Mtangawanda

Mama, shikamoo.

Mimi ni Ummu binti Bakr. Najua bibi harusi hamwandikii mkwewe, na Bibi yangu akijua atazimia. Lakini hapa nilipofungiwa nina karatasi, na nina neno ambalo mwanao anaogopa kulisema.

Naomba kiwanja chako, kile chenye mtambo, na jengo lililo juu yake. Sikiombi kwa mkopo wala kwa ruhusa ya mdomo. Nakiomba kiwe changu kwa maandishi kabla ya nikaha. Mtambo hauwezi kuja kwangu ila kwa kuvunjwa, na mimi nautaka ukiwa mzima. Basi nimeamua nitaufuata mimi. Nitakaa vile vyumba vya juu. Harith ataingia nyumba ya mkewe kama wanavyoingia wanamume wote wa kwetu, ila nyumba hiyo itakuwa Mtangawanda, ukuta kwa ukuta na wewe.

Dada Mardhiya amenambia unafurahi ukisikia mtambo utavunjika. Kama ni kweli, niambie nimekukosea nini, maana hatujawahi hata kuonana. Na kama jibu la kiwanja ni hapana, nijibu hivyo hivyo mimi mwenyewe. Nitalipokea na nitamwambia Baba ukweli wote, liwalo na liwe.

Wako kwa heshima,
Ummu


Mtangawanda, Alhamisi, 23 Januari 2025

Ummu mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Ni kweli, nilitaka uvunjike. Nina wana watatu wa kiume. Mkubwa ameoa Malindi, anakuja Idi moja akikosa mbili. Wa kati yuko Muscat. Amebaki Harith, na Harith alipoanza kuzungumza habari ya Amu, nilijua atakwenda, kwa sababu nami mume wangu alinifuata mimi hapa na mama yake alilia. Niliposikia mtambo ndio mahari yako nikajua utachukuliwa, na kwamba unamtangulia tu mwanangu njiani. Dada yako alipokuja na nyundo yake nikamfuata nyuma, namuuliza chuma hiki kinang'oka, namwomba Mungu aseme haking'oki. Niliona kikishindikana kuondoka, labda na yeye atashindikana. Sikumwambia mtu. Mama anayemzuia mwanawe asiende kwa mkewe husemwa mji mzima, na mimi sitaki kusemwa.

Ningeweza kusema kiwanja ni changu, mtambo hauguswi, na posa ingevunjika siku ile ile. Nililifikiria hilo. Mwanangu angenibakia, akawa ananitazama kila siku akila.

Sasa unaniuliza kiwanja. Nilipewa na mama yangu. Yeye alipewa na mama yake. Hakijapata kuwa mkononi mwa mwanamume. Nami Mungu hakunijaalia binti, na kwa miaka mingi nimekuwa nikilala na swali hilo, kwamba hiki nitamwachia nani. Harith nampenda, lakini kumpa yeye ilikuwa ni kukitoa kwenye mkono kiliouzoea.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nakwenda kwa kadhi na mashahidi. Kiwanja na jengo ni hiba yangu kwako, zawadi isiyorudishwa, hata usipozaa, hata ukigombana na mwanangu. Mtambo atakupa yeye, mahari yako. Tishari nimemwambia Sadiq akalirudishe Manda, na wakiuliza kwa amri ya nani, aseme ya Alawiya.

Njoo. Chumba cha juu cha upande wa bahari kinavuja kidogo, nitamtia fundi.

Mama yako,
Alawiya


Mtangawanda, Jumapili, 26 Januari 2025

Kwa Baba Bakr, Amu

Assalaam alaykum, Baba.

Naambatanisha taarifa ya uthamini wa mtambo wa barafu, yenye muhuri na saini yangu. Awali nilikuwa nimeandaa thamani mbili, kwa kuwa mtambo ulikuwa umesimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine na wewe ulikusudia kuuhamisha. Ungehamishwa, usingefika nusu ya kiasi ulichokitaja. Hilo nakueleza bila kukuficha. Kuanzia juzi kiwanja na jengo ni mali ya Ummu kwa hiba ya Bi Alawiya, na hati ya kadhi imo ndani ya bahasha hii. Kwa hiyo imebaki thamani moja, ya mtambo uliopo mahali pake na unaofanya kazi, nayo inapita kiasi ulichokitaja.

Ummu ameniandikia kuwa amekwambia atahamia huku, na una wasiwasi kuwa binti yako anamfuata mume. Nami nimeangalia hati kwa macho ya kazi yangu, Baba, na kwa jinsi ilivyoandikwa ni Harith anayekwenda kuingia kwa mkewe. Yeye kwa sasa hana hata mlango mmoja wa kwake.

Ukuta wa ghala pole. Ummu anasema shimo lile linatosha kabisa kuuzia barafu, na ameomba usilizibe.

Mwanao,
Mardhiya


Mtangawanda, Jumatatu, 3 Februari 2025

Dada Mardhiya,

Ulikimbilia uwanja wa ndege Manda mara tu baada ya nikaha, eti kuna kiwanda cha sabuni kinakungoja Mombasa, na umekosa yote. Sasa tulia nikusimulie.

Nianze na barafu. Jumamosi tulitoa ya kwanza iliyo yangu, kopo baada ya kopo, na sikuwahi hata kutafuta wateja. Wavuvi wa Kizingitini walishasikia, walikuwa wamepanga foleni tangu asubuhi na matenga yao. Mmoja akaniambia, “Bi harusi, si ungepumzika?” Nikamwambia barafu haijui harusi. Jana Sadiq amepeleka mzigo wa kwanza Amu, na Baba amekaa mwenyewe kwenye shimo lake la ukutani, ameuza mpaka tone la mwisho, na akanipigia kunigombeza kuwa nimempa kidogo. Ndiyo, simu nimerudishiwa. Lakini hili nimetaka kukuandikia.

Ijumaa Baba alikaa kwenye nikaha, kama ulivyoona. Alilainika alipoisoma ile taarifa yako, hasa pale kwenye mlango. Baada ya chakula tukavuka, boti mbili za wanawake, Bibi mbele kabisa akilalamika kuwa miaka yote ameozesha na hajapata kubeba bibi harusi kwa maji. Bi Alawiya alitupokea gatini na chetezo cha udi. Alinishika mkono akanipandisha vyumba vya juu.

Baada ya alasiri wakaja wanamume kumleta Harith. Funguo zote alikuwa ameshazitoa kwenye nikaha, pamoja na mtambo. Bibi akafunga mlango wa chini, ule mkubwa wa chuma, akanisimamisha nyuma yake. Harith akapiga hodi kwenye mlango ambao kitasa chake alikitia kwa mikono yake mwenyewe.

Bibi akaita, “Ni nani?”

“Ni Harith.”

“Wataka nini?”

“Nataka kuingia.”

“Nyumba ni ya nani hini?”

Nje nilimsikia mtu mmoja akicheka, na mwingine akimnyamazisha. Bi Alawiya alikuwa pembeni yangu, ameuweka mkono wake juu ya wangu uliokuwa na funguo.

Harith akasema, kwa sauti iliyofika mpaka gatini, “Ni ya Ummu.”

Bi Alawiya akanambia nimfungulie.

Mdogo wako,
Ummu